Steringi Naye Huchoka

Somo la wiki: 1 Wafalme 19:1-21



Jumapili iliyopita niliuliza ni nani amekua akitazama filamu zilizosimuliwa na DJ Afro. Mikono mingi iliinuka, hata kwenye viti vya wazee! Wangu pia. Nikiwa mtoto hapa Kaptembwo nililipa shilingi tano kuingia kibanda cha video. Filamu yangu ilikuwa Commando ya 1985. Arnold Schwarzenegger, kwa jina John Matrix, anavamia kisiwa peke yake kumwokoa binti yake. Jeshi zima linammiminia risasi na bado anatoka akitembea. Tulikuwa tunaambiana: steringi hafi.

Sisemi kutazama filamu ni dhambi. Shujaa wa hadithi anaweza kumpa mtoto ujasiri, na kicheko baada ya siku ngumu ni dawa. Black Panther ilipoonyeshwa Kisumu mwezi wa Februari 2018, Wakenya wengi walifurahi kuona mfalme Mwafrika kwenye skrini kubwa. Shida ni lile funzo tunalobeba bila kujua: kwamba mtu mwenye nguvu haumii, na haombi msaada.

Mimi lilinifikisha pabaya. Mwaka wa 2020, wakati wa Corona, duka langu la viatu lilifungwa. Sikumwambia mke wangu. Kwa wiki sita nilivaa shati safi kila asubuhi, nikaaga watoto, nikaenda kuketi Nyayo Gardens hadi jioni. Usiku silali. Nilidhani ninailinda familia, kumbe ninaigiza John Matrix. Ikafika siku nikatamani nisiamke tena.

Agosti mwaka huo nilisoma kwa simu kwamba Chadwick Boseman, yule Black Panther mwenyewe, amefariki akiwa na miaka 43. Saratani ya utumbo mpana iligunduliwa mwilini mwake mwaka wa 2016. Yaani alipoigiza yule mfalme shujaa, alikuwa mgonjwa, na wengi wetu hatukujua. Nikaelewa: ndani ya zile nguo za steringi kuna mwili kama wangu.

Chuoni nilisomea biashara. Deni usiloliandika kwa vitabu halipotei. Linaendelea kuzaa riba gizani. Huzuni iko hivyo hivyo.

Sasa mwangalie Eliya. Katika sura ya 18 moto unashuka Karmeli. Filamu ingeishia hapo, watu wapige makofi. Lakini Biblia inafungua sura ya 19: shujaa yule yule amekimbia nyikani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu alifanya nini?

Kwanza, hakumwambia "jikaze kama mwanaume".

Pili, alimwacha alale, akampa chakula na maji. Tena mara mbili.

Tatu, alimpa mwenzake, Elisha. Eliya alidhani amebaki peke yake. Haikuwa kweli.

Mimi pia nilitumiwa mtu. Mzee mmoja wa kanisa alinikuta kwenye lile benchi. Hakuhubiri. Aliniuliza tu, "Mwanangu, umekula?" Tukaenda hotelini, chapati na maharagwe, nikalia mbele ya watu. Jioni alinisindikiza nyumbani. Mke wangu alikasirika sana, si kwa ajili ya duka, bali kwa ajili ya zile wiki sita. Baadaye nilienda kwa mshauri nasaha, na imani yangu haikupungua hata kidogo.

Ndugu, dada, kama unawaza kufa, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo, kisha uende hospitalini. Daktari pia ni mkono wa Mungu.

Kazi ya wiki katika ushirika wa nyumbani:

1. Ni shujaa gani wa filamu uliyempenda utotoni? Alikufundisha nini kuhusu kulia?

2. Ni deni gani la moyo ambalo hujaliandika popote? Nani atakuwa wa kwanza kulisikia?

3. Mtazame jirani ambaye huonekana yuko sawa kila wakati. Kabla ya kumwombea, muulize kama amekula.

Mungu awabariki.