Yesu Anawajua Wanaoteswa kwa Ajili Yake

Maandiko ya kusoma: Ufunuo 2:8-11, Matendo 7:54-60, Matendo 12:1-17, Waebrania 11:32-40



Baada ya kipindi cha Biblia juzi, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mchungaji, kama Yesu anatujali, mbona aliwaacha wale watoto wa Garissa wafe wakiomba?" Sikumjibu kwa haraka, maana hilo si swali la kujibiwa mkisimama mlangoni. Nimeliandalia somo la wiki hii, na naomba ulisome ukiwa na Biblia yako mbele yako.

Wengi wetu tunakumbuka. Ilikuwa Alhamisi, 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Alfajiri watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Kati ya wa kwanza kushambuliwa ni wanafunzi Wakristo waliokuwa wameamka mapema kwa maombi ya asubuhi. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, karibu wote wanafunzi. Barabara ya kwenda Garissa inapita Matuu, hapa hapa kaunti yetu, kisha Mwingi. Hayo si mambo ya mbali. Wako watu wa Ukambani wanaofundisha, kujenga na kufanya biashara huko, na mama zao wanaabudu pamoja nasi.

Sasa tulichukue swali la huyo mama tuliende nalo kwenye Neno.

1. YESU ANAJUA

Katika Ufunuo Yesu anaandikia makanisa saba. Mawili tu ndiyo ambayo hakuyakemea kwa lolote: Smirna na Filadelfia. Smirna ulikuwa mji mkubwa wa bandari, ambao leo uko Uturuki na unaitwa Izmir. Kanisa la hapo lilikuwa maskini, lilisingiziwa, na gereza lilikuwa linalisubiri.

Angalia Yesu anavyoanza. Kabla ya kuwaagiza chochote, anawaambia kwamba anajua. Anataja dhiki yao, anataja umaskini wao, anataja matukano wanayotukanwa. Anavitaja kimoja kimoja, kama mzazi anayejua ni mtoto yupi hajala. Na kuhusu umaskini anaongeza neno la ajabu: kwamba mbele zake wao ni matajiri.

Tena anawaambia mapema kinachokuja. Wengine watafungwa, na dhiki itakuwa ya siku kumi. Walimu wa Neno hawakubaliani kama siku hizo ni kumi za kuhesabu au ni mfano. Lakini ujumbe uko wazi: dhiki ina kipimo. Shetani hakupewa kalenda aijaze anavyotaka. Mwenye kuhesabu siku ni Yesu, na anayesema hivyo ni yeye aliyekufa akawa hai.

Na wanapoguswa watu wake, anaguswa yeye. Sauli alipokuwa njiani kwenda Dameski, Bwana hakumwuliza kwa nini anawatesa Wakristo. Alimwuliza kwa nini anamtesa Yeye (Matendo 9:4). Sauli hakuwa amewahi kumgusa Yesu kwa mkono wake. Alikuwa amegusa wamama na wababa wa Yerusalemu, na mbinguni ikaandikwa kwamba amemgusa Bwana.

2. KUJALI KWAKE HAKUPIMWI KWA MLANGO WA GEREZA

Hapa ndipo swali la mama linauma, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Fungua Matendo 12. Herode anamkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, anamwua kwa upanga. Kisha anamkamata Petro. Kanisa linakesha likiomba, malaika anakuja, minyororo inaanguka, na mlango wa chuma unafunguka wenyewe. Sisi tunapenda kuhubiri habari ya Petro. Lakini Yakobo je? Alikuwa katika kanisa lilelile, akimtumikia Bwana yuleyule. Kwani Yesu alimpenda Petro zaidi? Wote wawili walikuwa pamoja naye mlimani alipong'aa uso. Wote wawili alikwenda nao Gethsemane.

Halafu soma Waebrania 11. Mstari wa 34 unasema kuna walioponea upanga kwa imani. Mstari wa 37 unasema kuna waliouawa kwa upanga, na wote wanahesabiwa kuwa watu wa imani. Ni mistari mitatu tu inayotenganisha hao wawili, na imani ni ileile. Ndugu yangu, usikubali mtu akuambie kwamba aliyekufa alipungukiwa na imani au na maombi. Mzazi aliyefiwa akiambiwa hivyo, anauawa mara ya pili.

Kwa hivyo nilipokutana tena na huyo mama, nilimwambia hivi: Biblia haituelezi kwa nini malaika alitumwa kwa Petro na hakutumwa kwa Yakobo. Inatueleza Yakobo yuko wapi. Katika Ufunuo 6 roho za waliouawa kwa ajili ya Neno zinalia zikiuliza mpaka lini, na hakuna anayezikemea kwa kuuliza. Zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zipumzike. Basi kama waliofika mbinguni wanaruhusiwa kuuliza, na wewe mama uliza. Yeye mwenyewe alilia pale msalabani kwamba ameachwa.

3. YESU ANAWAHESHIMU WALIO WAAMINIFU

Tunajua kwamba Yesu akiisha kumaliza kazi yake aliketi mkono wa kuume wa Mungu. Waebrania wanasema hivyo zaidi ya mara moja. Lakini Stefano alipokuwa karibu kupigwa mawe, alitazama juu akamwona Yesu amesimama. Sisi watu wa Ukambani tunaelewa jambo hilo. Mzee mkubwa akiwa ameketi, hasimami kwa kila anayepita. Akisimama, kila mtu anageuka aone ni nani anayeingia.

Lile baraza lilimhukumu Stefano kuwa mkufuru. Mbinguni hukumu ilikuwa nyingine kabisa. Yesu alisema kwamba anayemkiri mbele ya watu, naye atamkiri mbele ya Baba (Mathayo 10:32). Ni kama siku ya kesi: umekosa shahidi, watu wako wamekukana, halafu mwenye heshima kuliko wote mahakamani anainuka na kusema, "Huyu ni wangu."

Hapa jirani Uganda tuna mfano. Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika Uamsho wa Afrika Mashariki, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin wakilalamikia mauaji ya raia. Tarehe 16 mwezi huohuo akakamatwa na kuuawa. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Waumini wakachimba kaburi pale Namirembe, Kampala, karibu na kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuletwa. Maelfu walikusanyika Jumapili ile kando ya kaburi tupu, wakaimba na kukumbushana kwamba hata kaburi la Bwana wao lilikutwa tupu.

Miezi michache baadaye, Septemba 1977, Amin alipiga marufuku makanisa mengi, ya Kipentekoste yakiwemo. Watu waliendelea kukutana kwa siri manyumbani. Mwaka 1979 Amin alikimbia nchi. Kanisa lilibaki.

Leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, na tangu 1998 sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa kanisa la Westminster Abbey, London. Hayo ni mazuri. Lakini heshima ya wanadamu ilichukua miaka 21 kufika London. Heshima ya Kristo ilikuwa tayari jioni ileile, wakati redio ilikuwa bado inasema uongo.

4. MAMBO MATATU YA KUWEKA SAWA

Kwanza, si kila shida ni mateso kwa ajili ya Kristo. Soma 1 Petro 4:15-16. Ukidaiwa pesa za chama na hujalipa, hayo si mateso, ni deni. Chifu akituambia tupunguze sauti ya spika saa nane usiku kwa sababu jirani ana mgonjwa, huyo si Herode. Tupunguze sauti. Lakini kijana aliyefutwa kazi kwa kukataa kutia sahihi risiti ya uongo, na mke anayefungiwa mlango nje kwa sababu ametoka kwenye maombi, na msichana aliyekataliwa na ukoo kwa kukataa kwenda kwa mganga, hao Yesu anawahesabu pamoja na Smirna, hata kama hakuna gazeti litakaloandika.

Pili, hatutafuti mateso. Yesu aliwaambia wanafunzi wakiteswa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23). Paulo alitoroka Dameski ndani ya kapu. Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wengi wao walimu, baada ya wasio Waislamu kutengwa na wenzao. Wako walimu walioomba uhamisho baada ya hapo. Asiwepo mtu hapa Mitaboni wa kuwaambia kwamba walimkana Kristo. Kukimbia hatari si kumkana Bwana. Na mwaka 2023, kule Shakahola, tuliona matunda ya mafundisho kwamba mtu ajinyime chakula hadi afe ili amwone Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ya watoto. Ile si taji. Taji anapewa aliye mwaminifu. Hapewi anayejiua, wala anayeua watoto kwa jina la Mungu.

Tatu, tusijibu kwa chuki. Stefano alikufa akiwaombea waliompiga mawe. Tukumbuke pia Desemba 2015, basi lingine la Mandera liliposhambuliwa, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kichwa wajifunike wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, na akafariki mwezi uliofuata. Anayemtukana jirani yake Mwislamu kwa sababu ya Garissa, na amkumbuke mwalimu huyo kwanza.

5. MIKONO YA YESU NI IPI?

Paulo alipokuwa amefungwa Roma, wengi walimkimbia. Mtu mmoja aliyeitwa Onesiforo alisafiri kutoka mbali, akamtafuta mpaka akampata, wala hakuona haya kwa minyororo yake (2 Timotheo 1:16-18). Yesu alimjali Paulo, lakini aliyebisha hodi gerezani alikuwa Onesiforo, na miguu yake ilikuwa na vumbi la njiani.

Hapo ndipo somo hili linatufikia. Hatuwezi kusema Yesu anawajali wanaoteswa halafu msichana aliyefukuzwa kwao alale kwenye benchi la kanisa mpaka achoke arudi kwa mganga. Yule kijana aliyefutwa kazi anahitaji maombi, ndiyo, lakini pia anahitaji mtu wa kumwambia kuna kibarua mahali, na familia yake inahitaji debe la mahindi mwezi huu. Mzazi aliyezika mtoto wa chuo hahitaji mahubiri yetu kila anapolia. Anahitaji tukae naye. Tarehe ikifika kila mwaka, mpigie simu. Kanisa likisahau jina la mtoto wake, mzazi huyo atadhani na Bwana amesahau.

Na wewe unayepitia haya sasa hivi, ambaye umenyamaza kwa sababu unaona aibu: sema na mzee wa kanisa, au na kiongozi wa kikundi chako cha nyumbani, au njoo kwangu. Kubeba peke yako hakukuongezei taji. Hata Bwana alisaidiwa kubeba msalaba na Simoni wa Kirene.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Yesu anataja mambo gani matatu anayoyajua kuhusu Smirna? Lipi linafanana na hali yako?
2. Tungewaambia nini jamaa za Yakobo siku Petro alipotoka gerezani? Ni maneno gani tusingesema?
3. Taja tofauti kati ya kuteswa kwa ajili ya Kristo na kupata matokeo ya makosa yetu wenyewe.
4. Ni nani katika kikundi chenu anayelipa gharama nyumbani au kazini kwa sababu ya imani? Amueni jambo moja mtakalomfanyia kabla ya Jumapili, na nani atalifanya.

SALA

Bwana Yesu, wewe uliyekufa ukawa hai, unawajua walio wako. Wafariji wazazi wa Garissa na wa Mandera. Walinde watu wetu walio kazini katika sehemu za hatari. Mtie nguvu aliyefungiwa mlango usiku huu. Utupe miguu ya Onesiforo, tumtafute ndugu yetu mpaka tumpate. Na siku utakapotaja majina mbele ya Baba, tukutwe waaminifu. Amina.