SOMO: Kiharusi kikigusa akili

Mtu akipata kiharusi sisi hutazama mkono, mguu na mdomo uliopinda. Akianza kushika kikombe tunasema amepona. Je, akili yake imepimwa? Kiharusi huua sehemu ya ubongo kwa kukosa damu, au mshipa ukipasuka. Sehemu hiyo yaweza kuwa ile ya kukumbuka, kupanga au kuhesabu. Mgonjwa anameza dawa ya presha mara mbili, au anasahau kabisa. Nyumbani wanasema ni mkaidi, ama amerogwa.

Kipimo kipo, na hakihitaji mashine. Ni karatasi, kalamu na maswali ya dakika kumi hivi, yanayoulizwa na mtu aliyefundishwa. Kimoja kinachotumika sana ni MoCA, kilichotolewa Kanada mwaka 2005. Mgonjwa hutajiwa maneno matano, na baada ya dakika tano huulizwa ayataje. Hutoa 7 kutoka 100, kisha 7 tena na tena. Huonyeshwa picha za simba, kifaru na ngamia, ataje majina. Huchora saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alama zote ni 30, na kuanzia 26 huhesabiwa kuwa sawa. Kile cha zamani, MMSE cha 1975, hakipimi vizuri uwezo wa kupanga mambo, na kiharusi mara nyingi huumiza hapo hapo.

Lakini tuwe macho. Nyanya ambaye hakuingia darasani, ukimpa kalamu achore saa, huenda ashindwe hata kama akili yake ni nzima. MoCA huongeza alama moja tu kwa asiyezidi miaka 12 ya masomo. Kwangu mimi hiyo ni kidogo mno. Ndiyo maana kipo kingine, MoCA-B, kwa wasiosoma. Tena aliyepoteza usemi si kwamba haelewi. Asiyesikia vizuri, au aliyezama katika huzuni, naye atapata alama chache.

Alama chache hazithibitishi ugonjwa. Ni sababu ya kumwona daktari, na mtu wa nyumbani aende naye aeleze kilichobadilika. Wala si ruhusa ya watoto kugawana shamba la mzee angali hai.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:
1. Mweka hazina wetu amerudi baada ya kiharusi na hesabu hazilingani. Tutazungumza naye vipi bila kumwita mwizi?
2. Nani atamkumbusha dawa kila jioni?
3. Zahanati ya karibu ina mtu aliyefundishwa kupima? Nani ataenda kuuliza?