Safari za Kwenda Kichwani pa Ziwa

Mji wa Uvira umekaa mahali pembamba, katikati ya milima na maji. Upande wa magharibi milima inapanda ghafula kama ukuta, na upande wa mashariki ziwa linaanza. Nyuma ya milima ile iko nchi ya baridi ya Itombwe, yenye misitu na malisho ya ng'ombe, na kilele chake kirefu, Mlima Mohi, chapita meta 3,400. Maji ya mvua hushuka kutoka huko kwa nguvu nyingi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaleta mawe na matope mpaka ndani ya mji, ukabomoa nyumba na kuua watu wengi.

Huko Norwe, kaskazini ya Ulaya, iko mikono ya bahari inayoingia ndani ya nchi katikati ya milima mikali. Wenyeji huiita fiodi. Fiodi iliyo kubwa kupita zote za nchi ile huitwa Sognefjord, nayo ina urefu wa kilometa 205 na kina cha meta 1,308. Ziwa Tanganika linafanana nayo kwa sura: refu, jembamba, lenye kina kirefu, na milima imelisimamia pande mbili. Lakini asili yao ni mbalimbali. Fiodi zilichimbwa na barafu nzito ya zamani, iliyoteremka milimani ikikwaruza miamba. Tanganika halikuchimbwa na kitu. Nchi yenyewe ilipasuka, na kipande cha katikati kikashuka polepole kwa muda mrefu sana, maji yakajaa humo. Urefu wake ni kilometa 673, na kina chake chafika meta 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu lililo na kina zaidi, nalo ni Baikal la Urusi.

Siku hizi watu wengi hutaka kutumia likizo yao kutembelea milima na maziwa ya namna hii, nao hutafuta kiongozi wa kuwapeleka. Zamani watu walikuja kwa sababu nyingine. Walikuja kwa ajili ya swali moja.

Tazameni ramani. Katika kichwa cha ziwa, kati ya Uvira na Bujumbura, mtauona mto Ruzizi. Je, mto huu waingia ziwani, au watoka ziwani? Mtoto wa Uvira atacheka akiulizwa hivi. Lakini katika miaka ya 1850 wataalamu wa Ulaya walibishana sana. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nili, ambao hupita Misri na kuingia bahari ya kaskazini. Ikiwa Ruzizi watoka ziwani na kuelekea kaskazini, basi labda Tanganika ndilo mama wa Nili. Ikiwa Ruzizi waingia ziwani, Nili itafutwe mahali pengine.

Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Unguja mwaka 1857. Walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, hali zao mbaya. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa wa miguu. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, hata hakuweza kuliona ziwa vizuri. Walikuwa na mtu mmoja wa thamani kuliko mizigo yao yote, jina lake Sidi Mubarak Bombay. Huyu alizaliwa katika nchi ya Wayao, akakamatwa na kuuzwa utumwani alipokuwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi. Alipopata uhuru alirudi Afrika, naye alijua Kiswahili na Kihindi pia. Speke alijua Kihindi, hakujua Kiswahili. Kwa hiyo habari zote za Speke zilipita kinywani mwa Bombay.

Walihitaji chombo. Walisikia kwamba ng'ambo ya pili yuko mfanyabiashara Mwarabu mwenye jahazi. Speke alivuka kwenda kumwomba. Njiani, usiku mmoja wa dhoruba, mdudu aliingia sikioni mwake, akachimba ndani kama anachimba shimo. Speke alijaribu kumtoa kwa kisu kidogo, akajiumiza, akawa kiziwi wa sikio lile kwa muda wa miezi. Na jahazi hakulipata. Alirudi Ujiji na neno tu: yule mfanyabiashara alisema kuwa kaskazini ya ziwa kuna mto mkubwa, nao unatoka ziwani. Burton alifurahi mno. Tangu hapo hakutaka kusikia jambo jingine, ila kwenda kuuona mto huo.

Basi walipatana na Kannena, mkubwa wa kijiji cha Kawele huko Ujiji, awape mitumbwi miwili na kuwaongoza mwenyewe. Kannena aliona kuwa wageni hawa hawana njia nyingine, akataka malipo makubwa: waya za shaba, nguo na ushanga. Walilipa. Mtumbwi mkubwa ulikuwa na urefu wa futi 60, na upana wa futi 4 tu. Haukuwa na paa. Mvua ikinyesha, wote walilowa pamoja na vitu vyao, na jua likiwaka wote waliungua.

Wapiga kafi walikuwa na desturi zao. Walipita karibu na pwani, wakapumzika mara kwa mara, wakagombana, wakavuka maji makuu siku ile tu waliyoiona kuwa njema. Walikataza mtu asitupe mabaki ya chakula majini, kwa kuwa mamba watafuata mtumbwi. Burton aliandika maneno mengi ya kuwalaumu watu hawa. Hata hivyo ndio waliomfikisha salama, yeye mgonjwa asiyeweza kusimama.

Walipita pwani ya Burundi, wakavuka mpaka Ubwari. Burton aliandika kuwa Ubwari ni kisiwa. Watu wa Fizi na Baraka wajua vizuri kuwa si kisiwa bali ni rasi kubwa, imeshikamana na nchi kavu upande mmoja. Kutoka huko walifuata pwani ya magharibi kwenda kaskazini, na tarehe 26 Aprili 1858 walifika Uvira. Watu wengi walitoka kuwatazama. Hapo ndipo palipokuwa mwisho wa safari za wachuuzi wa Ujiji. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, vitu vya chuma, nguo za magome ya miti, na watu pia, wawauze.

Wana wa mfalme wa Uvira walikuja kuwaamkia wageni. Burton aliwauliza mara moja habari za Ruzizi. Walijibu wote kwa neno moja: mto waingia ziwani. Watu waliokuwapo nao wakasema vivyo hivyo. Ndipo Bombay alipoeleza kwamba Speke hakuyasikia vema maneno ya yule mfanyabiashara. Kwa safari nzima ile, yenye njaa na homa, walikuwa wakilifuata neno lililogeuzwa njiani, kati ya lugha moja na nyingine.

Burton alitaka aende akauone mto kwa macho yake, maana haukuwa mbali. Kannena na watu wake wakakataa. Waliogopa makabila ya mbele, ambayo hawakupatana nayo. Burton hakuwa na nguvu ya kuwalazimisha. Ulimi wake ulikuwa na kidonda, hakuweza kula chakula kigumu, alikunywa maziwa. Walikaa Uvira siku tisa, wakarudi. Ulaya watu walipopata habari, wengine walisadiki maneno ya wana wa mfalme, wengine hawakusadiki. Burton mwenyewe baada ya miaka michache akaanza tena kushuka moyoni kwamba labda Ruzizi watoka ziwani.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Mwaka 1871 Henry Stanley alimkuta mzee David Livingstone huko Ujiji. Stanley alikuwa kijana mwenye mali ya kutosha, Livingstone alikuwa mzee mwenye ujuzi na mikono mitupu. Wakazungumza juu ya Ruzizi. Stanley alisema anao watu wenye nguvu wa kupiga kafi, tena anazo bunduki, nguo na ushanga. Lililobaki ni mtumbwi. Livingstone alijua pa kuupata. Mfanyabiashara Mwarabu, Said bin Majid, alikuwa amemtendea wema siku nyingi, naye akawaazima chombo chake. Tazameni tofauti. Burton alikodi chombo kwa mtu asiye rafiki yake, akalipa sana. Livingstone aliazimwa na rafiki.

Mtumbwi wao ulichongwa katika gogo moja la mvule, mti wa milima ya Goma iliyo ng'ambo ya Ujiji. Walichukua wapiga kafi na Wajiji waliojua bandari zote za pwani ile, mpishi na mkalimani. Waliondoka mwezi wa Novemba. Huo ni wakati wa mvua, na watu wa ziwa wajua jinsi dhoruba ya wakati ule inavyoinuka bila kuaga. Kwa hiyo walisafiri kwa siku fupi-fupi, wakilala kila usiku katika ghuba yenye kinga.

Livingstone alitaka pia kujua kina cha maji. Alishusha bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba ndefu. Mara moja walipokuwa wakiivuta, kamba ilikatika, bildi ikapotea majini. Ziwa lilikuwa na kina kuliko walivyodhani.

Safari hii nayo ilikuwa na aibu yake. Usiku mmoja walinzi wa mtumbwi walikunywa pombe mpaka wakalewa. Wezi wakaja kimya, wakachukua unga, sukari ya Livingstone, risasi za bunduki na kamba ya kupimia. Asubuhi wazee wawili hawa walikuwa na chai isiyo na sukari. (Stanley alikuwa na miaka 30 tu, lakini mtu asiye na sukari huonekana mzee.)

Walipofika kichwani pa ziwa hawakuharakisha kwenda mtoni. Walikaa kwanza kijijini kwa mfalme Ruhinga, karibu na Ruzizi, wakamsikiliza. Ruhinga alikuwa mcheshi na mwenye kumbukumbu njema. Aliwahesabia mito yote inayoingia katika Ruzizi, mmoja baada ya mmoja, akawaambia kuwa mto watoka karibu na ziwa liitwalo Kivu. Stanley aliyaandika yote. Halafu wakachagua wapiga kafi hodari kumi, wakaenda kutazama.

Kwa mbali hawakuuona mto. Waliona matete tu, na maji yenye mamba wengi. Walitafuta mdomo wake mpaka wakaupata, nao ulikuwa mwembamba, hauna kina. Lakini mtumbwi ulipotaka kuingia, maji yaliusukuma nyuma, na watu walipiga kafi kwa jasho ili uende mbele kidogo. Hapakuwa na shaka tena. Ruzizi waingia Tanganika, kama wana wa mfalme wa Uvira walivyosema mwaka 1858.

Wakati wa kurudi walipita Uvira, wakafuata pwani ya magharibi kwenda kusini. Mahali pamoja watu walitoka na silaha, wamelewa na kukasirika, wakawafikiri kuwa wachuuzi wa pwani. Mchuuzi mmoja alikuwa amemwua kijana wa huko, na jambo hilo halikusahauliwa. Stanley alishika bunduki. Livingstone alikunja mkono wa shati lake, akawaonyesha ngozi yake, akawauliza kwa upole kama mtu wa rangi ile amewahi kuwadhuru. Walitulia muda kidogo, wakabishana wao kwa wao. Wageni wakapata nafasi ya kuingia mtumbwini na kwenda zao. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa siku 28.

Sasa yabaki jambo moja la kueleza. Ikiwa Ruzizi waingia, maji ya ziwa yatoka wapi? Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alizunguka pwani ya kusini akaona mlango wa mto Lukuga, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie. Lukuga hupeleka maji ya Tanganika upande wa magharibi, mpaka mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Basi Tanganika si la Nili hata kidogo.

Lakini Ziwa Kivu lina habari yake. Zamani za kale maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, upande wa Nili. Kisha volkeno za Virunga zikatoa moto na mawe, zikaziba njia. Maji yakapanda, yakapanda, yakatafuta mlango mwingine, yakaupata upande wa kusini. Hivyo ndivyo mto Ruzizi ulivyoanza kuyaleta maji ya Kivu, ukishuka zaidi ya meta 600 katikati ya milima, hata leo wamwagika ziwani mbele ya Uvira.

MASWALI

1. Fiodi za Norwe na Ziwa Tanganika zafanana kwa nini? Zatofautiana kwa nini?
2. Kwa nini Burton alisadiki kwamba Ruzizi watoka ziwani?
3. Kannena alikataa kwenda mbele ya Uvira. Je, alikuwa na haki? Toa sababu.
4. Livingstone na Stanley walipataje mtumbwi?
5. Chora ramani ya kichwa cha ziwa. Onyesha Uvira, Bujumbura, Ubwari na mto Ruzizi. Tia mshale kuonyesha maji yanakokwenda.
6. Darasa lenu lataka kwenda kuona mdomo wa Ruzizi kwa mtumbwi, siku mbili. Andikeni: nani atawaongoza, mtaondoka saa ngapi, mtachukua nini, na mtalala wapi upepo ukivuma.