Pima Taa Kabla ya Kumlaumu Dereva

Ukitaka madereva wa mji wako waheshimu taa nyekundu, anza na saa ya simu yako. Simama mahali salama kando ya njiapanda na upime mambo mawili: taa ya manjano inakaa sekunde ngapi, na kila gari linalovuka kwenye nyekundu limevuka muda gani baada ya nyekundu kuwaka. Fanya hivyo asubuhi watu wakielekea kazini, kisha jioni wakirudi. Gawa unachokiona katika safu mbili, waliovuka ndani ya sekunde moja ya kwanza na waliovuka baada ya hapo. Nambari za magari usiandike. Humtafuti mtu, unatafuta chanzo.

Safu hizo mbili zina dawa tofauti, na makosa mengi ya kupanga barabara hutokana na kuzichanganya. Wa safu ya kwanza kwa kawaida ni watu walioshikwa na manjano wakiwa karibu mno kusimama na mbali mno kuwahi kupita. Wa safu ya pili ama hawakuiona taa, ama waliiona wakaamua kuipuuza. Ukimtoza faini yule wa kwanza bila kurekebisha taa, kesho mwingine atavuka pale pale, kwa sababu ile ile.

Tuanze na manjano. Hesabu inayotumiwa na wahandisi wengi ni hii: sekunde moja ya dereva kutambua na kuhamisha mguu, ukiongeza muda wa kupunguza mwendo bila kukanyaga breki kwa kishindo. Sheria yetu ya trafiki hapa Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 14 kila sekunde, na manjano inahitaji kama sekunde tatu na robo. Kwa kilomita 80, gari hula mita 22 kwa sekunde, na manjano inahitaji zaidi ya sekunde nne na nusu. Tofauti ya sekunde moja na kidogo inaonekana haba kwenye karatasi. Barabarani ndiyo inayoamua kama trela litasimama kabla ya mstari au katikati ya watu.

Hapa ndipo Barabara ya Namanga, ile barabara kuu inayopita Kitengela na Isinya kuelekea mpaka wa Tanzania, inapotofautiana na mtaa wa kawaida wa mjini. Dereva anayetoka Isinya kuelekea Kitengela ametoka kwenye lami wazi, nyika pande zote mbili, na mguu wake haujazoea bado kwamba sasa yuko katikati ya mji. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi wasiofika 60,000 Kitengela. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya 150,000. Mji umeizunguka barabara kuu kwa muongo mmoja, lakini malori ya saruji kutoka Athi River na mabasi ya mpakani bado yanaitumia kama barabara ya safari ndefu. Ukiweka taa yenye manjano ya kilomita 50 mbele ya magari yanayofika na kilomita 80, umetengeneza wavukaji kwa mikono yako.

Njia za kurekebisha ni mbili. Unaweza kurefusha manjano ilingane na mwendo halisi wa magari, au unaweza kushusha mwendo kabla magari hayajafika kwenye taa. Mimi nasimama na ya pili kwa katikati ya mji, kwa sababu mtoto anayekwenda shule kwa miguu hasaidiwi na manjano ndefu lori likimpitia na kilomita 80. Kinachohitajika ni mabango ya kikomo cha mwendo mapema, mistari ya mtikisiko kwenye lami, na matuta yaliyochorwa rangi inayoonekana usiku, yote yakiwa mbali vya kutosha na mstari wa kusimama ili dereva awe ameshatulia anapoifikia taa. Tuta lililo mita chache kabla ya taa humfanya dereva aangalie tuta na kuisahau taa.

Jambo la pili kwenye kisanduku cha kuongozea taa ni ule muda ambao pande zote ni nyekundu. Chukua njiapanda yenye upana wa mita 30 na trela lenye urefu wa mita 17. Ili mkia wake utoke kabisa, trela hilo lazima lisafiri mita 47, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hiyo ni zaidi ya sekunde tatu. Kama upande wa pili unapewa kijani mara moja, bodaboda wa mbele, ambaye ndiye mwepesi kuondoka, anaingia ubavuni mwa trela. Nyekundu ya pande zote haimzuii mtu kuvuka. Inamwokoa yule ambaye hakukosea. Na haihitaji nguzo mpya wala zabuni kubwa; fundi anayetunza taa anabadilisha mipangilio tu.

Kwamba muda wa taa una nguvu, hilo limepimwa. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti walifuatilia njiapanda ambako manjano iliongezwa kwa takriban sekunde moja, na waliovuka nyekundu wakapungua kwa asilimia 36. Kamera zilipofuata, waliosalia wakapungua kwa asilimia 96. Uzingatie mpangilio huo: taa ilitengenezwa kwanza, kamera ikaja baadaye. Kaunti au mamlaka itakayonunua kamera kabla ya kupima manjano itakuwa inakusanya pesa kwa kosa ambalo nusu yake ni la taa yenyewe, na wananchi wataligundua haraka.

Sasa safu ya pili, na kwanza wale wasioiona taa. Mwombe abiria apige picha kutoka kiti cha mbele gari likiwa mita mia moja kabla ya njiapanda. Je, taa inaonekana, au imefichwa na tawi, bango la biashara, lori lililoegeshwa? Barabara ya Namanga inakwenda takriban kaskazini na kusini, kwa hiyo anayeingia kutoka barabara za pembeni asubuhi au jioni anaweza kuwa ameelekea jua moja kwa moja. Ubao mweusi nyuma ya taa husaidia sana hapo, pamoja na taa ya pili iliyowekwa ng'ambo ya njiapanda au iliyoning'inizwa juu, ili lori la mbele lisiizibe. Kiangazi, vumbi hufunika vioo vya taa na mstari wa kusimama hufutika. Usafishaji na rangi ni kazi ya kila mwaka, isingoje mkubwa atembelee mji.

Wanaoiona taa na kuipuuza ndio wagumu zaidi, na nadhani tumewafundisha wenyewe. Mkazi wa Kitengela anayefanya kazi Nairobi amepita Uhuru Highway mara nyingi akapungiwa mkono na askari avuke kwenye nyekundu, na siku nyingine akazuiwa kwenye kijani. Mkono wa askari unashinda taa kisheria, na ni sawa iwe hivyo panapokuwa na ajali au gari la wagonjwa. Lakini inapokuwa desturi ya kila asubuhi, dereva anajifunza kutoitazama taa bali kumtafuta askari. Na asipomwona, anajiona huru. Kwa hiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote ni makubaliano ya wazi kati ya polisi wa trafiki na wasimamizi wa barabara: askari akiongoza, taa zizimwe au ziwekwe kumetameta manjano; taa zikiwaka kama kawaida, askari akae kando awashike wanaozikaidi. Dereva asipewe amri mbili kwa wakati mmoja.

Urefu wa nyekundu nao una lawama. Mtu aliyengoja dakika tatu mbele ya barabara tupu huanza kuidharau taa. Mizunguko mifupi ya taa, na vihisio vinavyotambua kwamba hakuna gari upande wa pili, hupunguza hasira hiyo. Usiku ni suala la usalama: wapo wanaoogopa kusimama peke yao saa sita usiku, na hofu hiyo haiponi kwa kuhubiriwa. Mulika njiapanda kwa taa za mtaa, na wewe dereva punguza mwendo mapema, mita mia mbili kabla, uifikie njiapanda taa ikiwa imeshageuka kijani. Umeme ukikatika na taa zikazima, ichukulie njiapanda hiyo kama yenye amri ya kusimama, kisha mpishane kwa zamu.

Kwa matatu, chimbuko la kuipuuza taa liko kwenye tageti ya siku. Dereva anayepaswa kufikisha kiasi fulani kabla ya jioni anahesabu kila taa kama hasara. Sacco ina uwezo wa kupanga magari yaondoke kwa nafasi ili yasikimbizane hadi steji ya mbele, na kumpumzisha dereva anayelalamikiwa na abiria zaidi ya mara moja. Abiria nao wasikae kimya. Sauti tatu za "dereva, ngoja taa" zina uzito kuliko moja. Bodaboda hupenya hadi mbele ya foleni na kusimama juu ya kivuko cha waendao kwa miguu. Wachorewe eneo lao mbele ya mstari wa magari, na viongozi wa steji wakubaliane na askari kwamba atakayelivuka eneo hilo atashikwa bila kujali ni mwanachama wa nani.

Faini ipo: kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 3,000 anayekaidi ishara ya barabarani. Tatizo si kiasi, ni uhakika. Mwaka 2004 kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa, matatu yasiyo na mikanda na vidhibiti mwendo yalitoweka barabarani kwa sababu kila mwenye gari alijua atashikwa. Utekelezaji ulipolegea, mazoea ya zamani yakarudi. Afadhali askari wawili njiapanda moja kila siku kwa miezi mitatu kuliko msako mkubwa wa siku mbili.

Na pengine taa yenyewe haihitajiki. Pale Isinya au pembeni mwa mji wa Kajiado, ambako magari si mengi kutwa nzima, mzunguko wa barabarani uliojengwa vizuri unaweza kufaa zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 kuhusu makutano 24 yaliyogeuzwa kuwa mizunguko uliona ajali zenye majeruhi zikipungua kwa takriban robo tatu. Mzunguko humlazimisha kila mtu kupunguza mwendo, awe mtiifu au mkaidi. Kwa barabara hii uwe na ukingo wa ndani ambao magurudumu ya nyuma ya trela yanaweza kuupanda, na vivuko vya miguu vilivyorudishwa nyuma kidogo ya maingilio.

Ukishapata takwimu zako, zipeleke kwa anayehusika. Barabara ya Namanga ni ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara ndogo za mitaa nyingi ziko chini ya kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti, kwa jambo lililo chini ya mamlaka yake. Katika barua yako taja njiapanda moja tu, saa ulizohesabu, sekunde za manjano ulizopima, idadi ya waliovuka katika kila safu, na picha ya kutoka kiti cha mbele. Omba jambo moja linaloweza kufanywa mwezi huo, kwa mfano muda wa manjano urekebishwe, kisha rudi uhesabu tena siku na saa zile zile.