Duka Likifilisika, Deni Lako Huenda Wapi?

Kuna watu wadhanio kwamba mwenye duka akifilisika, daftari lake la madeni limekufa pamoja na duka. Sivyo.

Tutazame Mbeya na Iringa, kwa sababu mkulima wa mahindi wa huko yu hali moja na sisi wa karafuu: hukopa kwanza, akalipa mavuno yakishapatikana. Mvua ikikaribia huchukua mbolea dukani, jina lake likaandikwa, naye hulipa baada ya kuvuna.

Tuseme basi mkulima wa Mafinga amekopa mbolea ya shilingi 350,000, na kabla ya mavuno mwenye duka akatangazwa muflisi mahakamani. Kwa sheria ya ufilisi ya Tanzania Bara, mali yote ya muflisi hutoka mikononi mwake ikawa chini ya mfilisi, ili wanaomdai wagawiwe. Na mali si magunia na mizani tu. Deni alilo nalo mkulima yule ni mali vilevile, kama gunia lililo ghalani. Kwa hiyo atadaiwa na mfilisi, kwa bei ileile na kwa muda uleule waliopatana. Kufilisika kwa muuzaji hakumpi mfilisi ruhusa ya kuongeza hata senti.

Hapa ndipo watu wengi huumia. Mkulima akijua kwamba amri ya mahakama imekwisha kutoka, kisha akampelekea fedha yule mwenye duka nyumbani kwa kumwonea huruma, aweza kudaiwa mara ya pili. Amtake anayedai aonyeshe karatasi ya kuteuliwa kwake, au aulize RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini; na kila alipapo, achukue stakabadhi.

Je, kama mkulima huyo naye alikwisha weka dukani shilingi 100,000 za mabati ambayo hayakufika? Hesabu hizo mbili hukatwa, akabaki na deni la 250,000. Lakini mkulima mwenzake wa Uyole, aliyeweka fedha za mabati bila kukopa kitu, yeye ni mdai. Itampasa apeleke madai yake kwa mfilisi pamoja na risiti, kisha angoje. Mishahara ya wafanyakazi na kodi za Serikali hutangulia. Wadai wa kawaida hugawana kinachobaki, na mara nyingi hupata senti chache kwa kila shilingi. Asiye na risiti ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Deni la mapatano lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, kwa sheria ya mwaka 1971. Mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri deni kwa maandishi, miaka huanza kuhesabiwa upya.

Duka likiwa ni kampuni, hutumika sheria ya makampuni ya mwaka 2002, ingawa kwa mkopaji mambo hayatofautiani sana. Unguja na Pemba tuna sheria zetu wenyewe, basi mwanachama mwenye deni la namna hii amwendee wakili wa hapa visiwani kabla ya kulipa.