Paa la Kijivu: Asbesto katika Maduka na Karakana za Tabora

Wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji walipopumzika Unyanyembe, walilala chini ya paa la tembe: miti iliyopangwa bapa na kutandikwa udongo. Tembe ya Kwihara, ambamo David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri watu wa kumbebea mizigo, ilikuwa ya namna hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na vifaa vya viwandani vikaifuata. Miongoni mwa vifaa vilivyoenea Afrika Mashariki katika karne ya ishirini ni mabamba ya kijivu yenye mawimbi, yaliyotengenezwa kwa saruji na asbesto kwa njia iliyobuniwa na Ludwig Hatschek wa Austria mwanzoni mwa karne hiyo. Mabamba hayo hayashiki kutu, hayaungui, na hayachomi kama bati. Yeyote aliyewahi kushinda dukani Tabora mwezi wa Oktoba anaelewa kwa nini yalipendwa.

Asbesto ni madini ya asili yenye umbo la nyuzi. Sifa yake ya hatari ni kwamba inapovunjwa haiwi chembe za mviringo kama mchanga, bali hupasuka kwa urefu, uzi mmoja ukazaa nyuzi nyembamba zaidi, hata jicho lisizione. Nyuzi hizo huelea hewani kwa saa nyingi na zikivutwa hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Seli za kinga hujaribu kuzimeza, lakini uzi mrefu humshinda mmezaji. Uchochezi huendelea miaka nenda miaka rudi, na mwishowe huzuka kovu la mapafu liitwalo asbestosisi, saratani ya mapafu, au mesotelioma, yaani saratani ya utando unaoyafunika mapafu. Aina zote za asbesto, nyeupe, kahawia na buluu, zimetambuliwa kuwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 1960 Wagner na wenzake waliripoti wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao wakihusiana na machimbo ya asbesto ya buluu huko Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi tu karibu na machimbo.

Hapa ndipo mwenye biashara ndogo anapohusika. Bamba zima lililotulia juu ya paa halimdhuru mtu aliyeketi chini yake kwa kiasi cha kumfanya akimbie duka. Asbesto, ambayo kwa kawaida ni sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za bamba, imeshikwa na saruji. Hatari huanza siku fundi anapopanda na drili ili atoboe tundu la nyaya za umeme, au mwenye mashine ya kusaga anapokata bamba kwa grainda apitishe bomba la moshi, au vipande vilivyovunjwa na dhoruba vinapokusanywa na kuzungushiwa banda la kuku. Huanza pia pale kijana wa dukani anapofagia kwa ufagio mkavu vumbi lililodondoka kutoka dari iliyochakaa. Gereji nazo zina mlango wao: breki na klachi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na kupuliza vumbi la breki kwa kompresa ni kulirusha moja kwa moja usoni mwa fundi na mwanafunzi wake.

Kwa macho haiwezekani kulitofautisha bamba la asbesto na lile la kisasa lililoimarishwa kwa nyuzi za mimea. Uhakika hutoka maabara. Busara ni kulichukulia kila bamba kuukuu la saruji kuwa na asbesto. Likiwa zima, liachwe. Lisisuguliwe kwa brashi ngumu kuondoa ukungu, lisipigwe maji ya kasi, lisikwanguliwe. Wapangaji na mafundi waambiwe waziwazi kwamba hapo juu hapatobolewi, na mwenye jengo alikague kila mwaka, hasa baada ya masika, akitazama kingo zilizomung'unyika na misumari iliyolegea. Tahadhari nyingine husahaulika: mabamba haya huzeeka yakawa tepetevu kwa uzito wa mtu. Fundi anayekanyaga katikati ya bamba anaweza kupasua paa na kuanguka sakafuni, na kifo hicho hakingoji miaka 30.

Bamba likivunjika, watu wasiohusika waondoke. Vipande vilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa kunyunyiza taratibu, kisha viokotwe bila kuvunjwa zaidi na kufungwa katika mifuko miwili ya nailoni nene yenye maandishi yanayotaja kilichomo. Sakafu ifutwe kwa tambara bichi, na tambara nalo litiwe mfukoni. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitalini, haizuii nyuzi hizi. Inahitajika ya daraja la FFP3 iliyokaza usoni, na ndevu huharibu mkazo huo. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani. Wake waliofua nguo za waume zao wamewahi kuugua mesotelioma bila kukanyaga kiwandani.

Kuezua paa zima si kazi ya kibarua wa siku. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamhusu hata mwajiri wa watu wawili, na taka hatarishi zinatawaliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 chini ya NEMC. Ushauri wa taasisi hizo utafutwe kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa, kwa sababu swali gumu zaidi ni mahali pa kuzika mabamba. Kuyatupa korongoni, kuyauza mitumba au kuyaponda yawe kifusi cha barabara ni kumhamishia jirani hatari.

Limebaki jambo la kliniki. Mesotelioma huchukua miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza, na fundi aliyekata mabamba akiwa kijana huja hospitali akiwa mzee, akihema na kukonda, na maji yamejaa kifuani. Katika nchi yenye kifua kikuu kingi, wazo la kwanza huwa kifua kikuu, na si kosa kuwaza hivyo. Kosa ni kukamilisha miezi sita ya dawa pasipo vipimo kuthibitisha vimelea, nafuu isionekane, na bado mgonjwa asiulizwe alifanya kazi gani tangu ujana wake. Aulizwe pia kuhusu sigara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba, wakilinganishwa na watu wasiovuta sigara wala kugusa asbesto, wafanyakazi wa asbesto wasiovuta walikufa kwa saratani ya mapafu takribani mara 5 zaidi, wavutaji wasiofanya kazi hiyo mara 11, na waliokuwa na yote mawili zaidi ya mara 50. Fundi aliyekwisha kuvuta nyuzi hana dawa ya kuzitoa mapafuni, lakini sigara anaweza kuiacha leo. Na anapokwenda kupimwa kifua, aitaje kazi yake mwenyewe, hata kama daktari hakuuliza, pamoja na miaka aliyoifanya.