Kisu Kinachopasuka Majini

*Bwana Fundi, mimi hujiburudisha jioni kwa kufua visu kutokana na springi kuukuu za gari. Lakini nikitumbukiza bapa jekundu majini, hupasuka. Je, ila ni ya mkono wangu?*
*Msomaji, Embu*

La hasha, ndugu yangu: ila i katika maji, kwani chuma cha springi, kwa sababu ya kaboni iliyomo, kikipozwa kwa ghafula hujikaza kupita kiasi chake. Kipashe moto hata sumaku isikivute tena, ukizidishe kidogo, kisha ukizamishe katika mafuta ya kupikia yenye joto la digrii 50, mfuniko wa bati ukiwa karibu iwapo yatawaka. Halafu, bila kukawia, ukioke kwa digrii 200 muda wa saa mbili, kipate ustahimilivu. Bapa lenye ufa usilitilie mpini. Likipasuka tena, waendee mafundi wa jua kali wanaofua panga kwa springi hizo hizo.